Vinzi wa tembo na pindo la kromosomu

Hapa Tanga, acha kikombe cha tembo la mnazi barazani bila kifuniko. Punde utaona vinzi wenye macho mekundu wanakizunguka. Hao ndio Drosophila, wadudu wanaofugwa maabara nyingi duniani. Wakulima wa Muheza wasiwachanganye na nzi wanaotoboa machungwa na kuyatia funza. Hawa wadogo hufuata uchachu tu.

Kinzi huyu ana jozi 4 za kromosomu, sisi 23. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, wenye ncha mbili, na taabu iko kwenye ncha. Ukikata doti ya kanga usiipinde, kila ukifua nyuzi zinafumuka. Kromosomu nayo, kila inaponakiliwa, hupungua kidogo mwishoni. Pindo linaloikinga huitwa telomea, jina alilolitoa Hermann Muller mwaka 1938 baada ya kuwapiga vinzi hawa eksirei.

Kwetu binadamu, fundi wa kupinda ni kimeng'enya telomerasi, alichokigundua Carol Greider akiwa na Elizabeth Blackburn mwaka 1984. Hushona herufi zile zile za DNA, TTAGGG, tena na tena. Wadudu wengi wanacho pia. Mababu wa nzi na mbu walikipoteza.

Ungedhani ukoo wote ungekwisha. Haukwisha, kwa sababu Drosophila melanogaster ana jeni rukaji tatu: HeT-A, TART na TAHRE. Jeni rukaji hujinakili na kujipachika kwingine, na ikiangukia katikati ya jeni nyingine huiharibu. Hizi tatu hujipachika nchani. Ncha isiyopindwa hupoteza herufi kama 70 kwa kizazi; HeT-A nzima ina karibu 6,000. Ikitua moja tu, ncha imepata akiba ya vizazi zaidi ya 80!

Wengine huuita huu ushirikiano. Mimi naona jeni hizo zimejitafutia tu mahali pa kuzaana bila kumuua mwenyeji. Tena mkataba huvunjika: kwa ndugu yake, Drosophila biarmipes, zimetoweka.

Mbu wetu wa malaria, Anopheles gambiae, hana telomerasi wala hizo tatu. Yeye ncha moja ikipungua, hunakili kipande kutoka ncha ya kromosomu nyingine.