Si kila njia huifikisha ketoni kwenye haidrokaboni

Wanafunzi wengi wa Lubumbashi wanaojifunza kemia kwa Kifaransa huamini kwamba kitendanishi chochote (dutu ya kuleta badiliko) kinachotoa haidrojeni kitaigeuza aldehaidi au ketoni, ambazo zina kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, kuwa haidrokaboni, yaani molekuli ya kaboni na haidrojeni tu. Sivyo. Sodiamu borohaidraidi, na hata lithiamu alumini haidraidi iliyo kali zaidi, huishia kwenye alkoholi, ambayo bado ina oksijeni. Asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha, huwa propanoli-2, wala haiwi propani. Namba za oksidisho, ambazo hushuka kaboni inapopokea elektroni, zinaeleza sababu: kaboni ya katikati ina +2 katika asetoni, 0 katika alkoholi na −2 katika propani, kwa hiyo elektroni mbili kati ya nne zinazohitajika bado hazijaingia.

Hapo huzaliwa kosa la pili, ambalo naliona zito zaidi: kwamba ukiongeza moto na asidi, alkoholi hiyo itaendelea mpaka mwisho. Katika njia aliyoitangaza mkemia Clemmensen mwaka 1913, ketoni huchemshwa pamoja na zinki iliyochanganywa na zebaki ndani ya asidi kali ya haidrokloriki. Lakini alkoholi ya kawaida ikitiwa humo hubaki kama ilivyo, jambo linaloonyesha kwamba ketoni haikupitia kwenye alkoholi huru. Kazi hufanyika juu ya uso wa zinki yenyewe, madini yale yale yachimbwayo hapa jirani Kipushi, nayo ndiyo inayotoa elektroni.

Wengine husema kwamba njia ya wakemia Wolff na Kishner, iliyotokea mwaka 1911 na 1912, ni mbadala tu wa hiyo. Kweli, matokeo hufanana, lakini mazingira ni kinyume kabisa: haidrazini, kampaundi ya naitrojeni na haidrojeni, hushika mahali pa oksijeni, kisha besi kali na joto huiondoa naitrojeni ikiwa gesi. Mwaka 1946 mkemia Huang Minlon alifupisha kazi hiyo hadi saa chache, kwa kuchemsha maji yatoke kwanza na kupandisha joto hadi nyuzi 200 hivi. Basi molekuli yenye asetali, kundi la atomi ambalo asidi hulivunja, haifai kupelekwa kwa Clemmensen. Na yenye esta, kundi ambalo besi hulivunja, isipelekwe kwa Wolff na Kishner.

Wapo pia wanaouliza faida ya mzunguko huu wote, wa kutengeneza ketoni kwanza kisha kuiondolea oksijeni. Anayetaka propilibenzini, yaani benzini yenye mnyororo ulionyooka wa kaboni tatu, akiunganisha benzini na kloropropani-1 moja kwa moja, kwa msaada wa alumini kloraidi, hupata kwa wingi isopropilibenzini, yenye mnyororo uliogawanyika, kwa sababu mnyororo hujipanga upya njiani. Akitanguliza kloraidi ya propanoili, mnyororo haubadiliki umbo, na ketoni inayopatikana humalizwa kwa zinki.