Chakula cha Mitaani Bangkok: Maswali ya Wasafiri na Majibu

Wadudu wa kukaanga ni salama?
Wakikaangwa mbele yako, ndiyo. Aliyezoea senene hatashtuka akiona panzi. Wa kuogopa ni yule nge wa mtaa wa Khao San aliyechomekwa kijitini tangu mchana, kapoa, na kila mtalii anamshika apige picha. Kumkaanga upya kutaua vijidudu, ila histamini, kemikali inayojengeka kwa wadudu waliolala bila barafu, haitoki kwa moto. Itakuletea uso mwekundu, vipele na kichwa kuuma. Kama kamba au kaa hukudhuru, wadudu waache kabisa. Mzio wake unakaribiana.

Ndimu, pilipili au pombe kali si vinaua vijidudu?
Haviui. Ukiagiza som tam ya kaa, papai bichi hutwangwa kinuni na pilipili, ndimu na kaa aliyetiwa chumvi tu, hajapikwa. Nyama mbichi ya nguruwe huweza kuleta homa ya uti wa mgongo, na wengine hupona wakiwa viziwi. Samaki mbichi wa mtoni, koi pla, hubeba minyoo ya ini ambayo baada ya miaka huweza kuzaa saratani ya mirija ya nyongo. Ndimu haiui. Pombe haiui. Moto ndio unaoua.

Na barafu?
Yenye umbo la bomba, tundu katikati, kwa kawaida ni ya kiwandani. Inayovunjwa kutoka kwenye bonge, kataa.

Nimeanza kuharisha. Nimeze sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) niliyotoka nayo nyumbani?
Hapana. Thailand, Campylobacter, mmoja wa vijidudu wakuu wa kuharisha, kwa sehemu kubwa ameshaizoea sipro. Hapana pia kwa Flagyl "ya kujaribu". Tunawapokea wagonjwa siku ya tatu, midomo imekauka, mkojo rangi ya chai ya rangi, mkononi pakiti tupu ya vidonge, na tone la ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, hawajagusa! Kinachoua haraka ni kuishiwa maji. Maji kwanza.

Koroga pakiti ya ORS kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Huna? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kila kijiko kisawazishwe juu, kisifurike. Chumvi ikizidi inadhuru. Mtu mzima anywe angalau mililita 200 kila anapotoka chooni. Ukitapika, subiri dakika 10, kisha nywa kidogo kidogo.

Dawa ya kufunga choo je?
Kwa safari ya basi, kama ni mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo. Vinginevyo usiiguse.

Niende hospitali lini?
Leo. Choo chenye damu, homa kali, kutapika kila unachokunywa, kizunguzungu ukisimama, au kutokojoa kwa saa 8: leo, si kesho ukiamka. Ukiwa Thailand piga 1669. "Acha tumbo lisafike kwanza" si tiba, ni kuchelewa.

Homa ikinishika nikisharudi?
Pima malaria, usimeze dawa kwa kukisia, na mtaje daktari Bangkok hata asipouliza. Huenda ni homa ya matumbo, au dengue. Mpaka ijulikane, tuliza homa kwa parasetamoli; aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye dengue.