Ishirini imetoka wapi?

Kila baada ya miezi mitatu nakusanya beji. Si beji za jina, ni vile vidude vya plastiki tunavyobana kifuani sisi tunaofanya kazi na mashine za mionzi. Ndani mna vipande vidogo vya fuwele. Mionzi ikipita, fuwele inahifadhi sehemu ya nguvu yake. Zikifika Arusha, kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu, zinapashwa moto na ile nguvu inatoka kama mwanga hafifu. Ukiupima mwanga huo, umejua mtu amepata mionzi kiasi gani. Kikomo chetu ni milisiveti 20 (milisiveti ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini) kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano.

Safari hii alinisaidia binti mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Tukiwa tunahesabu (moja ilikuwa imefuliwa pamoja na koti, kama kawaida) akaniuliza: "Dokta, hii ishirini imetoka wapi? Nani alijaribiwa?" Mimi si daktari, ni mwanafizikia wa tiba ya mionzi, ila kusahihisha nimeshachoka. Nilimjibu juu juu kwa sababu wagonjwa walikuwa kwenye benchi. Jibu lenyewe ni hili.

Kwa sehemu kubwa, imetoka Hiroshima na Nagasaki.

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la urani lililipuka mita kama 600 juu ya Hiroshima. Wengi waliokufa siku ile waliuawa na moto, na kishindo, na nyumba zilizowaangukia. Mionzi ilifika wakati huohuo, ila kazi yake ilionekana baadaye. Mtu ametoka mzima, hata hajaungua, anasaidia kutafuta ndugu zake kwenye vifusi. Wiki ya pili au ya tatu anachana nywele, zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu. Fizi zinavuja damu. Ngozi inatoka madoa ya zambarau, homa inapanda, na madaktari waliobaki hawajui wanatibu nini.

Kilichokufa ni uboho, pale damu inapotengenezwa. Mgonjwa wangu wa saratani ya matiti nampa grei 2 (grei ni kipimo cha nguvu ya mionzi inayobaki mwilini) kwa siku, siku tano kwa wiki, mpaka zifike 40 au 50, na anarudi nyumbani kwa daladala. Inawezekana kwa sababu nalenga eneo dogo. Grei 4 tu zikiingia mwili mzima kwa mkupuo mmoja, bila matibabu, karibu nusu ya watu hufa. Hadi mwaka 1945 unaisha, waliokufa Hiroshima wanakadiriwa kufika 140,000, na Nagasaki 70,000 na ushei. Kati yao walikuwamo maelfu ya Wakorea, wengi wao wakiwa wamepelekwa Japani kufanyishwa kazi.

Mwaka 1947 Wamarekani walianza Hiroshima taasisi ya kuwachunguza walionusurika, ABCC, ambayo baadaye ilipanda kilima cha Hijiyama na tangu 1975 inaendeshwa kwa ubia na Wajapani. Watu wapatao 120,000 waliandikishwa kwenye daftari lake, wafuatiliwe mpaka kufa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa na beji asubuhi ile. Basi wakaulizwa mmoja mmoja. Ulikuwa wapi? Ndani au nje? Umesimama, umekaa, umelala? Umeelekea upande gani? Ukuta ulikuwa wa nini? Michoro ya vyumba ikachorwa, na mtu akawekwa mahali pake ndani ya mchoro.

Mwaka 1962, kwenye jangwa la Nevada, ulisimamishwa mnara wa zaidi ya mita 460, ukapandishwa kinu kidogo cha nyuklia kisicho na kinga, na chini yake zikajengwa nyumba za mtindo wa Kijapani, ili kuona kuta zile zinazuia mionzi kiasi gani. Watafiti wengine wakaokota vigae na matofali ya miji yenyewe. Ndani ya kigae mna punje za madini ya kwatzi, nazo hufanya kama fuwele ya beji yangu: zilihifadhi mionzi ya Agosti 1945, na zilipopashwa moto maabara miaka mingi baadaye zikatoa mwanga wake. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilivua beji nikaitazama muda mrefu.

Saratani ya damu ndiyo iliyotangulia, ikawapata zaidi waliokuwa watoto, ikafika kilele chake miaka ya mwanzo ya 1950. Saratani za tumbo, mapafu, matiti na nyinginezo zilichukua muda zaidi. Katika hesabu iliyofanywa kwa kipindi cha 1958 hadi 1998, kati ya watu zaidi ya 44,000 waliopata dozi ya kuhesabika, walionekana wagonjwa 7,851 wa saratani hizo, na karibu 850 kati yao wanahesabiwa kuwa wametokana na bomu. Ukigawa nyongeza hiyo kwa dozi, unaanza kuiona ishirini yetu ikija. Watoto waliozaliwa na walionusurika nao walichunguzwa, takriban 77,000, na ongezeko la kasoro za kurithi halikuonekana. Hilo halikuwasaidia wasichana waliokataliwa na wakwe watarajiwa kisa wametoka Hiroshima. Wengi wa hibakusha, ndivyo wanavyoitwa walionusurika, walificha walikotoka.

Yule binti angeuliza: walitibiwa? Hapana. Msimamo wa ABCC ulikuwa kuchunguza, si kutibu. Gari lilikuja kumchukua mtoto, akavuliwa nguo, akapimwa, akapigwa picha, akarudishwa. Wenyewe walisema wamefanywa panya wa maabara, na sioni kwa nini niwapinge. Sheria ya Japani ya kuwagharamia matibabu ilikuja 1957, miaka 12 baadaye. Na mimi kila siku nakula matunda ya daftari lile.

Kuhusu kama bomu lilistahili kupigwa, naanzia nyumbani. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma, bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria. Agosti 1945 kikosi chake kilikuwa kambini India. Kwake lile bomu lilikuwa habari ya kupanda meli kurudi. Hakuwahi kulisikitikia, nami sikuwahi kubishana naye. Tena China na Ufilipino kila wiki ya vita ilikuwa na maiti zake. Kwa hiyo wanaolitetea siwabezi.

Ninachokataa ni hesabu zao. Ile milioni moja ya Wamarekani ambao wangeuawa au kujeruhiwa aliiandika Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita, mwaka 1947, wakati maswali yameshaanza. Mwaka uliotangulia, tathmini ya Wamarekani wenyewe ilikuwa imesema Japani ingesalimu amri kabla 1945 haijaisha, hata bila bomu. Zote mbili zinahesabu jambo ambalo halikutokea, na mimi mtu wa vipimo sina chombo cha kulipimia. Lililotokea naliona: Juni 1945 James Franck na wanasayansi wenzake wa mradi wa bomu waliomba bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu, wakakataliwa. Na Nagasaki? Siku tatu tu baada ya Hiroshima, mji uliolengwa ni Kokura, Kokura haikuonekana kutoka angani, ndege ikageukia Nagasaki, bomu likaangukia Urakami, mtaa wa Wakatoliki. Sijasikia hoja ya Nagasaki iliyonikaa.

Kuna kundi jingine ambalo halimo kwenye daftari. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo waliokuwa vibarua wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa ameshapeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yale, yenye urani nyingi isiyo na mfano. Wajapani waliulizwa wameelekea upande gani. Wachimbaji wa Katanga, watu wa Kiswahili kama sisi, hawakufunguliwa daftari la namna hiyo. Vikomo vya wachimbaji wa urani tunavyosoma vyuoni vimetokana na migodi ya Czechoslovakia, Colorado na Ontario. Mwanzoni mwa 2004 rais wa Kongo aliamuru Shinkolobwe ifungwe. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka likaua wachimbaji wadogo wanane waliokuwa wamerudi kutafuta kobalti, kwa sururu, bila beji kifuani.