Kodi ya anasa katika besiboli si ukomo wa mishahara

Kila mwaka, fainali za besiboli ya Marekani zinapomalizika na timu 30 za ligi kuu kuanza kupanga vikosi vya msimu unaofuata, husikika kauli ile ile katika uchambuzi wa Kiswahili: kwamba timu fulani haiwezi kumsajili mchezaji huru fulani kwa sababu “imeshafika ukomo wa mishahara”. Husemwa juu ya New York Yankees, juu ya Toronto Blue Jays, na hata juu ya Los Angeles Dodgers, ambao matumizi yao yangetosha kumfanya msemaji asite. Kauli hiyo si sahihi, kwa sababu ligi kuu ya besiboli ya Marekani haina ukomo wa mishahara. Haijawahi kuwa nao, na fainali nzima za mwaka 1994 zilipotea kwa sababu wachezaji walikataa kuwekewa.

Kilichopo ni kodi. Jina lake rasmi ni kodi ya uwiano wa ushindani, ingawa watu wengi huiita kodi ya anasa. Mkataba wa hali bora kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji huweka kizingiti cha fedha kwa kila msimu, na timu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka kizingiti hicho hutozwa asilimia fulani ya kile kilichozidi. Mwaka 2022 kizingiti kilikuwa dola milioni 230, mwaka 2025 kilikuwa milioni 241, na kwa mwaka 2026 ni milioni 244. Timu inayovuka kwa mara ya kwanza hutozwa asilimia 20, ikivuka mwaka wa pili mfululizo hutozwa 30, na kuanzia mwaka wa tatu hutozwa 50. Iliyozidisha sana huongezewa tozo nyingine juu ya hizo.

Neno la kushika hapo ni “kilichozidi”. Mfanyakazi anayekatwa kodi ya mshahara kwa ngazi anaelewa jambo hili bila kufundishwa: akipandishwa cheo na mshahara wake ukaingia ngazi ya juu zaidi, kiwango kikubwa hukatwa kwenye ile sehemu iliyoingia ngazi hiyo, wala hakirudi nyuma kuzila shilingi zote za chini. Timu iliyotumia dola milioni 251 mwaka 2025, ikiwa ilikuwa inavuka kwa mara ya kwanza, ilidaiwa asilimia 20 ya milioni 10, yaani dola milioni 2. Kwa biashara inayolipa mishahara ya robo bilioni ya dola, milioni 2 haziwezi kuwa sababu ya kutomsajili mtu yeyote. Huenda ipo sababu nyingine, lakini si hiyo.

Ukomo ni kitu cha namna nyingine kabisa. Ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani iliweka ukomo wake mwaka 1994, na timu za ligi hiyo hazina hiari ya kuuvuka hata kama mmiliki ana fedha za kujaza uwanja. Ligi ya magongo ya barafuni ilipoteza msimu mzima wa 2004 hadi 2005 katika mvutano wa jambo hilo hilo, na iliporudi ilirudi na ukomo. Ligi ya mpira wa kikapu ina ukomo wenye mianya mingi, na juu ya ukomo huo imeweka kodi ya anasa. Nadhani hapa ndipo mkanganyiko unapozaliwa, kwa kuwa wengi wetu tuliijua NBA kabla ya besiboli, tukayabeba maneno yake mawili kama kwamba ni neno moja.

Historia ya kodi ya besiboli inaonyesha vizuri kwa nini tofauti hii si ya kisarufi tu. Mwaka 1994 wamiliki walitaka ukomo, wakidai kwamba timu za miji midogo zingekufa bila huo. Chama cha wachezaji, chini ya Donald Fehr, kilikataa, na tarehe 12 Agosti wachezaji waligoma. Mwezi uliofuata fainali zilifutwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mwaka 1904. Desemba wamiliki walijaribu kuweka ukomo kwa nguvu, bila ridhaa ya upande wa pili. Mgomo haukwisha hadi pale jaji kijana wa mahakama ya shirikisho mjini New York, Sonia Sotomayor, ambaye leo ni jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, alipotoa amri tarehe 31 Machi 1995 ya kuwazuia wamiliki kubadilisha masharti ya kazi peke yao.

Kodi ilizaliwa ndani ya suluhu iliyofuata. Kuanzia msimu wa 1997 hadi 1999, timu tano zenye mishahara mikubwa zaidi zilitozwa sehemu ya ziada yao. Kisha kodi ikaachwa kwa misimu mitatu, ikarudishwa mwaka 2003 ikiwa na jina rasmi la uwiano wa ushindani na kizingiti cha dola milioni 117. Kwa maneno mengine, kodi ndiyo kitu ambacho wachezaji walikikubali ili ukomo usiwepo. Kuiita ukomo ni kuwanyang'anya wachezaji kwa ulimi kile ambacho wamiliki walishindwa kuwanyang'anya kwa mgomo wa siku 232.

Hata jina la mtaani lingetosha kutuonya. Wamarekani wa miaka ile ya tisini walikuwa wametoka kuona serikali yao ikiweka kodi ya anasa juu ya boti za kifahari, vito, makoti ya manyoya na magari ya bei kubwa, kodi iliyoanza kutozwa mwaka 1991 na ambayo sehemu yake kubwa ilifutwa mwaka 1993. Hakuna aliyeisoma sheria ile akaelewa kwamba kununua boti kumepigwa marufuku. Mwenye fedha alinunua boti yake na kulipa juu yake. Yankees walifanya vivyo hivyo: tangu kodi iliporudishwa mwaka 2003 hadi 2017, hapakupita mwaka mmoja ambao hawakuilipa.

Kosa la pili, ambalo kwa kweli huzaliwa na lile la kwanza, ni kudhani kwamba kinachopimwa ni fedha zinazotoka mfukoni mwa timu mwaka huo. Sivyo. Kinachopimwa ni wastani wa mwaka wa kila mkataba. Mchezaji akisaini mkataba wa dola milioni 100 kwa miaka minne, akalipwa milioni 10 mwaka wa kwanza na milioni 30 kila mwaka katika mitatu iliyobaki, vitabu vya kodi vitaandika milioni 25 kila mwaka. Hesabu huchukua wachezaji wote 40 wa orodha ya timu, pamoja na walioachwa lakini bado wanadai, na huongezewa mgawo wa timu katika bima na mafao ya wachezaji wa ligi nzima, mgawo unaozidi dola milioni 15. Ndiyo maana mtu akijumlisha mishahara aliyoiona kwenye gazeti hupata tarakimu ndogo kuliko ile ambayo uongozi wa timu unaitazama.

Mkataba wa Shohei Ohtani na Dodgers wa Desemba 2023 ndio uliowachanganya watu zaidi. Ni mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini kila mwaka anaocheza anapokea milioni 2 tu, na milioni 68 zilizobaki za kila mwaka atalipwa bila riba kati ya 2034 na 2043. Wapo waliosema Dodgers “wamekwepa ukomo” kwa kuandikiwa milioni 2 tu, na wapo waliosema wameandikiwa milioni 70. Wote wamekosea, na wa kwanza wamekosea mara mbili, kwa kuwa hapakuwa na ukomo wa kukwepa. Fedha zitakazolipwa baada ya miaka kumi zina thamani ndogo kuliko fedha za leo, hivyo kanuni huzishusha hadi thamani yake ya sasa kabla ya kutafuta wastani. Matokeo yake ni kwamba Ohtani huhesabiwa takriban dola milioni 46 kwa mwaka. Juan Soto, aliyesaini na New York Mets Desemba 2024 mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15 bila kuahirisha chochote, huhesabiwa milioni 51. Kwa macho ya kodi, basi, Soto ni ghali kuliko Ohtani.

Sasa, sitaki msomaji adhani kwamba kodi haina makali. Tangu mkataba wa mwaka 2022, uliopatikana baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji nje kwa zaidi ya miezi mitatu, kuna ngazi ya nne inayoanza dola milioni 60 juu ya kizingiti, ngazi ambayo watu waliibatiza jina la Steve Cohen, mmiliki wa Mets. Timu iliyofika huko ikiwa na miaka mitatu mfululizo ya kuvuka hutozwa asilimia 110: kila dola ya mshahara hapo juu inafuatiwa na dola moja na senti kumi za kodi. Mets walidaiwa zaidi ya dola milioni 100 kwa msimu wa 2023, na Dodgers vile vile kwa msimu wa 2024, mwaka ambao walitwaa ubingwa. Yapo pia maumivu yasiyo ya fedha. Timu iliyozidisha milioni 40 au zaidi husogezwa nyuma nafasi 10 katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, na mlipa kodi anayemsajili mchezaji aliyekataa ofa rasmi ya timu yake ya zamani hupoteza nafasi mbili za uteuzi.

Mipango mingi ya nje ya msimu huzunguka maumivu haya, wala si ukuta wowote. Anayeshuka chini ya kizingiti kwa msimu mmoja huanza upya kwenye asilimia 20, na hesabu hufungwa mwisho wa msimu, jambo linalozifanya timu zihangaike hadi Agosti. Mwaka 2023 Los Angeles Angels waliongeza wachezaji mwezi Julai ili kuutumia mwaka wa mwisho wa mkataba wa Ohtani, wakaanza kufungwa mfululizo, na mwisho wa Agosti wakawaachia wachezaji kadhaa, wakiwemo warusha mpira Lucas Giolito na Reynaldo López, wachukuliwe na yeyote pamoja na mishahara yao iliyobaki. Waliishia chini ya kizingiti kwa kiasi kidogo. Faida yake haikuwa unafuu wa kodi pekee. Ohtani alipoondoka, Angels walifidiwa nafasi ya uteuzi baada ya duru ya pili, ambapo wangekuwa walipa kodi wangesubiri hadi baada ya duru ya nne.

Mfano unaoniudhi zaidi ni wa Boston Red Sox. Walitwaa ubingwa mwaka 2018 wakilipa kodi, wakalipa tena 2019, na Februari 2020 wakampeleka Mookie Betts kwa Dodgers pamoja na David Price, huku wakikubali kubeba nusu ya mshahara uliobaki wa Price. Msimu huo walikuwa chini ya kizingiti, kilichokuwa dola milioni 208. Betts akasaini na Dodgers mkataba mpya wa dola milioni 365, akachukua ubingwa mwaka ule ule. Hadi leo wapo wanaoeleza kwamba Boston “hawakuwa na nafasi” ya kumbakiza. Nafasi walikuwa nayo. Mwenye timu alipima bei ya kumbakiza mchezaji bora aliyekuzwa hapo hapo, kodi ikiwemo, akaona ni afadhali asiilipe. Huo ni uamuzi wa kibiashara ambao mtu anaweza kuutetea au kuulaumu, lakini ukishauita ukomo, haulaumiki tena, maana umeugeuza kuwa sheria. Hilo ndilo linalowafaa wamiliki, na sioni kwa nini mchambuzi wa Kiswahili awafanyie kazi hiyo bure.

Mkataba wa hali bora wa sasa unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, na suala la ukomo ni miongoni mwa yale yanayotarajiwa kuleta mvutano mkubwa mezani. Msikilizaji aliyezoeshwa kwamba ukomo upo tangu zamani hataelewa ni nini hasa kinachogombaniwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji na wachambuzi wetu ni dogo. Timu ikikaribia dola milioni 244, tuseme imekaribia kizingiti cha kodi. Ikivuka, tuseme imevuka na itadaiwa. Ikikataa kumsajili mchezaji kwa sababu ya gharama, tuseme haikutaka kulipa, au kwa upole zaidi, imeona bei ni kubwa. Na “ukomo wa mishahara” tuuache kwa ligi zilizo nao.