Kodi yako hailipi ukaguzi wa kliniki za wanyama California

Kuna watu wanasema eti kule California serikali inakula kodi za wananchi kukagua kliniki za mbwa na paka. Si kweli jamani. Bodi ya madaktari wa wanyama ya jimbo inajiendesha kwa ada, yaani daktari analipia leseni, wasaidizi wake wenye leseni nao wanalipa, kliniki yenyewe inasajiliwa kwa hela, na zote zinaingia mfuko wa bodi sio mfuko mkuu wa jimbo. Na ukaguzi wenyewe si kila siku, sheria inaitaka bodi ijitahidi kufikia angalau asilimia 20 ya kliniki kwa mwaka. Ila usidhani ni bure, ada ikipanda daktari anaweza kukupachikia kwenye bili, kwa hiyo anayeumia ni mwenye paka.