Mratibu wa ulinzi katika futiboli ya Marekani: ni nani, anafanya nini, na anafikaje hapo

Katika futiboli ya Marekani wanaoshambulia na wanaolinda ni watu tofauti kabisa. Timu ikiwa na mpira, wachezaji 11 wa mashambulizi wako uwanjani. Mpira ukienda kwa wapinzani, wote 11 wanatoka na wanaingia 11 wengine ambao kazi yao ni kuzuia tu. Mratibu wa ulinzi ndiye kocha wa hao wa pili. Kwa cheo yuko chini ya kocha mkuu, lakini katika klabu nyingi yeye ndiye anayeamua nani asimame wapi, nani amkimbilie mpinzani na nani abaki nyuma. Chini yake wapo makocha wa safu: mmoja wa walinzi wa mstari wa mbele, mmoja wa malinibeka wanaosimama katikati, na mmoja au wawili wa walinzi wa nyuma.

Aliyezoea mpira wa miguu anaweza kujiuliza kwa nini kocha wa nafasi hiyo atajwe sana. Sababu ni kwamba mchezo huu husimama kila baada ya sekunde chache. Wanaoshambulia wana majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10, na kati ya jaribio moja na jingine saa inahesabu sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo mratibu anaangalia wapinzani wameingiza wachezaji gani, zimebaki yadi ngapi na wako sehemu gani ya uwanja, kisha anachagua mpango mmoja na kuutuma. Tangu 2008 NFL, ligi kuu ya mchezo huu, inaruhusu mlinzi mmoja kuwa na redio ndani ya helmeti. Utamjua kwa doa la kijani lililobandikwa nyuma ya helmeti yake. Saa ikifika sekunde 15, redio inazimwa, na kuanzia hapo hakuna kocha anayeweza kuzungumza naye. Maamuzi ya namna hiyo hufika 60 hivi katika mchezo mmoja.

Mtu ninayemwona kuwa kipimo cha kazi hii ni Dick LeBeau. Alizaliwa 1937 katika mji mdogo wa London, jimbo la Ohio. Mwaka 1959 klabu ya Cleveland Browns ilimchagua kisha ikamwacha kabla msimu haujaanza. Akaenda Detroit Lions, akakaa misimu 14 akiwa mlinzi wa pembeni, na akanasa pasi 62 za wapinzani. Alipoacha kucheza, 1973 alianza ukocha Philadelphia akisimamia kikosi cha mateke, kazi ambayo wengi huiona ya pembeni. Akapita Green Bay akifundisha walinzi wa nyuma, akafika Cincinnati Bengals 1980, na 1984 ndipo alipokabidhiwa ulinzi mzima. Hiyo ni miaka 11 ya kupanda kutoka chini, kwa mtu aliyekuwa na jina kubwa la uchezaji. Wasiokuwa na jina huanzia chini zaidi, kwa kukata video usiku na kuhesabu ni mara ngapi wapinzani walirusha pasi wakiwa kwenye jaribio la tatu.

Pale Cincinnati ndipo alipoacha alama yake. Kwa kawaida walinzi 4 wa mbele humkimbilia kwotabeki, yule anayepokea mpira na kurusha pasi, na 7 waliobaki hulinda nyuma. Kocha akiongeza mtu wa tano au wa sita katika kukimbilia, hiyo inaitwa blitsi. Kwotabeki anakosa muda, ila nyuma kunakuwa na mapengo. Miaka hiyo klabu ya San Francisco chini ya kocha Bill Walsh walikuwa wameshapata dawa ya blitsi: pasi fupi za haraka, mpira unatoka mkononi kabla mlinzi hajafika, na unaangukia kwenye pengo lile lile alilotoka.

LeBeau alitafuta namna ya kubana bila kuacha pengo. Alikwenda hata kuzungumza na Bill Arnsparger, kocha aliyekuwa amejenga ulinzi wa Miami Dolphins. Alichokuja nacho ndicho kinachoitwa zoni blitsi. Linibeka mmoja au mlinzi wa nyuma anachomoka upande asiotarajiwa, na wakati huo huo mlinzi wa mbele, jitu la kilo 120 na ushee, anaacha kusukumana na kurudi nyuma kusimama pale pasi fupi inapotaka kupita. Idadi ya wanaokimbilia inaweza kubaki 5, wakati mwingine 4 tu, lakini si wale ambao kwotabeki aliwahesabu kabla mpira haujaanzishwa. Anarusha kwa mtu anayemwona yuko peke yake, na katikati ya njia pana mkono wa mtu ambaye hakutakiwa kuwa hapo.

Mfano maarufu ulitokea tarehe 1 Februari 2009 mjini Tampa, katika Super Bowl, fainali ya NFL, wakati huo LeBeau akiwa Pittsburgh Steelers. Steelers wanaongoza 10 kwa 7, zimebaki sekunde 18 kabla ya mapumziko, na Arizona Cardinals wako hatua chache tu kutoka mstari wa kufunga. Mpango uliotumwa ulikuwa wa kumbana kwotabeki Kurt Warner kwa watu wengi, na linibeka James Harrison alikuwa mmoja wa wanaotakiwa kukimbilia. Harrison akapiga hatua kana kwamba anakwenda, kisha akarudi ndani, kwenye njia ya pasi fupi. Warner hakumwona. Harrison akaunasa mpira kwenye mstari na kukimbia nao yadi 100, uwanja mzima, huku wenzake wakimfungulia njia, akaanguka na mpira upande wa pili saa ikiwa imeisha. Badala ya kurudishiwa au kupitwa, Steelers wakaenda mapumziko na 17 kwa 7. Mwisho walishinda 27 kwa 23.

Harrison hakufuata mpango ulivyoandikwa. Kwangu mimi hapo ndipo ukocha wa LeBeau unapoonekana vizuri kuliko penginepo. Mchezaji aliyekariri tu angekimbilia na kuchelewa. Aliyefundishwa kwa nini mpango upo, na mpinzani akibanwa atarusha wapi, anaweza kuugeuza mwenyewe redio ikiwa imezimwa. Na haikuwa bahati ya usiku mmoja. Msimu ule wa michezo 16 Steelers waliruhusu pointi 223 tu, chache kuliko timu nyingine yoyote ya NFL.

Safari ya kazi hii ina machungu yake pia. Januari 1989 Bengals walikuwa wanaongoza Super Bowl. Kwotabeki Joe Montana akaisogeza San Francisco yadi 92 mbele ya ulinzi wa LeBeau, akarusha pasi ya ushindi kwa John Taylor zikiwa zimebaki sekunde 34. Januari 1996, safari hii na Steelers, akashindwa tena fainali. Pete yake ya kwanza ya ubingwa aliipata Februari 2006, akiwa na umri wa miaka 68, na fainali ilichezwa Detroit, mji aliouchezea misimu 14.

Wengi huamini ngazi inayofuata lazima iwe ukocha mkuu. LeBeau, aliyekuwa amerudi Bengals, alipewa ukocha mkuu wa klabu hiyo katikati ya msimu wa 2000. Hadi 2002 alikuwa ameshinda michezo 12 kati ya 45, akafukuzwa. Kocha mkuu anabeba mashambulizi, ulinzi, mateke, waandishi wa habari na mmiliki wa klabu, na saa za kukaa na walinzi wake mbele ya video zinapungua. Si haki kuipima kazi moja kwa nyingine. Mwaka 2003 alikubali kuwa msaidizi Buffalo, 2004 akarudi Pittsburgh kwenye ulinzi, na miaka yake bora ikafuata.

Wachezaji walimpenda waziwazi. Mwaka 2007 Steelers walikwenda Canton, Ohio, ulipo ukumbi wa heshima wa mchezo huu, wakiwa wamevaa jezi yake ya zamani ya Detroit, namba 44, kudai aingizwe. Aliingizwa 2010, kwa rekodi yake ya uchezaji. Nadhani miaka yake ya kufundisha peke yake ingetosha. Aliendelea na kazi hadi msimu wa 2017 akiwa Tennessee Titans, ambako kocha mkuu aliyemwajiri, Ken Whisenhunt, ndiye aliyekuwa akiiongoza Arizona usiku ule wa Harrison. Ukijumlisha kucheza na kufundisha, ni misimu 59 ya NFL.

Ukikesha kutazama Super Bowl, ambayo Afrika Mashariki huanza saa nane na nusu usiku, acha kuufuata mpira kwa majaribio machache. Hesabu walinzi waliosogea mbele kabla mpira haujaanzishwa, kisha hesabu waliokimbilia kweli. Hesabu mbili zisipolingana na kwotabeki akasita, au akarusha mahali palipojaa watu, umeiona kazi ya mratibu.