Maziwa Hayakati Sumu ya Maua

"Nimeshampa maziwa, daktari, nikaona nisubiri kwanza." Nikisikia maneno hayo kwenye simu, natazama saa ya ukutani na kuanza kuhesabu muda tuliokwisha kupoteza. Mimi ni daktari wa mifugo, lakini wapo wanaonipigia hata mtoto wao anapotafuna jani la bustanini, naye pia keshapewa maziwa.

Chimbuko la imani hii, kwamba maziwa hukata sumu ya kila mmea, nalijua. Mimea ya mapambo ya ndani kama difenbakia, monstera na filodendroni ina fuwele za oksalati, aina ya chumvi, zilizochongoka kama sindano. Jani likitafunwa, fuwele huchoma ulimi, mate yakachuruzika na midomo ikavimba. Hapo funda la maziwa baridi hutuliza kweli, kwa kuwa shida iko mdomoni. Maji baridi nayo hutuliza. Watu wakaona nafuu hiyo, wakaipa kila mmea.

Oleanda, kile kichaka cha maua cha bustanini, haina habari na mdomo. Sumu yake huvuruga mapigo ya moyo, na jani lililokauka ni hatari vilevile. Mbegu ya mbarika ina risini, sumu inayozuia seli kutengeneza protini. Aliyeitafuna anaweza kukaa saa kadhaa bila dalili yoyote. Mnanaha una sumu ya atropini: mdomo hukauka, mboni hupanuka, mtoto akaanza kuweweseka. Maziwa yatafanya nini hapo zaidi ya kujaza tumbo la mtu ambaye huenda akatapika na kupaliwa?

Linaloniumiza zaidi ni yungiyungi na paka. Sisemi lile la majini. Nasema lilii, ile inayowekwa kwenye vyombo vya maua sebuleni. Paka akilamba chavua iliyomdondokea manyoyani, au akinywa maji ya chombo hicho, figo zake ziko hatarini. Hutapika ndani ya saa chache, kisha anaweza kutulia. Mwenye paka anashukuru maziwa. Kumbe figo zinaendelea kufa, na kati ya siku ya kwanza na ya tatu zimeshindwa kazi. Dripu ikianza mapema, kabla ya saa 18 hivi kupita, nafasi ya kupona ni nzuri. Mkojo ukishakatika, mara nyingi sina la kumwambia mwenyewe. Mbwa akila lilii hiyohiyo huishia kuumwa tumbo, ndiyo maana wapo wanaoniambia, "Mbona mbwa wetu alikula hakufa?"

Kwa hiyo: toa mabaki mdomoni, suuza kwa maji, kata tawi la mmea uje nalo, andika saa, piga simu. Usingoje dalili.

Na usimtapishe. Wala vidole kooni, wala maji ya chumvi. Chumvi nyingi ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza, na utomvu unaochoma huchoma tena ukipanda. Mbwa tunamtapisha sisi kwa dawa, tukishajua alichokula.

Wengine huniambia, "Mnyama anajua kwa silika mmea mbaya." Mbwa wako alitafuna ndala zako jana, atauacha mtapo, ule mmea wa bustani unaofanana na mchikichi mfupi, kwa hekima ipi? Mbegu za mmea huo huharibu ini la mbwa, na chache tu zinatosha kumuua.

Poinsetia, lile ua la Krismasi lenye majani mekundu, imesingiziwa kuwa inaua. Kuna kisa cha mtoto wa Hawaii aliyedaiwa kufa kwa jani lake mwaka 1919, na baadaye ikaonekana kilikuwa cha kusikia tu. Utomvu wake huwasha na kuchafua tumbo kidogo. Ninashangaa watu wanaotupa poinsetia na kubakiza oleanda mlangoni.

Tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zina ganda gumu. Ikimezwa nzima mara nyingi hupita ilivyo. Ikitafunwa, au ikiwa imetobolewa kwa ajili ya shanga, sumu imepata mlango. Usimfungie mtoto mkononi.

Halafu kuna wale wa "ni mmea wa dawa, hauna neno." Shubiri ni dawa, sawa, lakini utomvu wa njano ulio chini ya ganda la jani huharisha mbwa na paka. Na tafadhali msiipake kwenye kidonda cha paka. Atalamba yote kabla hujanawa mikono.